Shajara ya mradi: fleti za kupangisha ubavuni mwa kanisa la mawe, Dodoma mjini

Naandika kwa ajili ya wasanifu wenzangu, mafundi, na yeyote mwenye kiwanja kinachopakana na jengo la zamani. Naongeza sehemu kila hatua inapokamilika. Bei zote ni za siku tulipolipa. Jina la kanisa na la mwenye kiwanja nayaacha, ndivyo tulivyokubaliana nao. Nikisema "sakafu sita" nahesabu na ile ya chini, maana hapa mjini kila mtu ana hesabu yake ya ghorofa.

22 Januari 2024: Kiwanja

Kiwanja ni mita 38 kwa 44, upande wa zamani wa mji, ule ulioanza kukua baada ya reli ya kati kupita. Mashariki kuna barabara. Magharibi kuna kanisa la kipindi cha kati ya vita kuu mbili: kuta za mawe ya granaiti yaliyoungwa kwa chokaa, paa la vigae, mnara mfupi wa kengele.

Mwenye kiwanja ni mama mjane. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, madalali hawamwachi alale. Hauzi. Anataka fleti za kupangisha: 28, kwenye sakafu saba, na maegesho chini ya ardhi. Nyumba iliyopo imechoka na itabomolewa.

Vipimo vya kanisa: kilele cha paa mita 9, mnara mita 14. Madhabahu iko upande wa mashariki, na nyuma yake kuna dirisha la vioo vya rangi linaloanza mita 3 kutoka ardhini na kuishia mita 6. Kutoka dirisha hilo mpaka kwenye mpaka wetu ni mita 7 tu. Mpimaji: shilingi milioni 2.8.

9 Februari 2024: Nani analilinda kanisa

Kwa ufupi, hakuna. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye linahitaji kutangazwa na waziri, na hili letu halijatangazwa. Ukitaka kulikaba kanisa la aina hii koo, sheria hiyo haitakushika mkono. Atakayeuliza ni kamati ya mipango miji, ambayo kwa hali yoyote itataka kujua majirani wanasemaje.

Ninayo mbele yangu mifano ya Dar es Salaam. Azania Front na Mtakatifu Yosefu yote yalikamilika mwaka 1902, na leo yamezungukwa na minara ya vioo. Bado yanapendeza, lakini yana bahati: mbele yake kuna barabara ya bandarini na anga. Letu lina mita 7.

Tulikwenda kwa mchungaji na wazee wa kanisa tukiwa na mchoro wa awali wa sakafu saba. Waliupokea kwa adabu, chai ikaletwa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliugeuza mchoro mara mbili kisha akauliza, "Sasa Injinia, ibada ya kwanza jua litaingilia wapi?" Hapa Dodoma msanifu, mhandisi na fundi umeme wote ni Injinia, kwa hiyo sikubisha. Swali lenyewe lilitupeleka miezi minne.

21 Machi 2024: Kivuli, jaribio la kwanza na la pili

Leo usiku na mchana vinalingana, jua linachomoza mashariki kamili, yaani juu ya kiwanja chetu na moja kwa moja usoni pa dirisha. Siku nzuri ya kupimia.

Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta. Kuna jambo la saa ambalo watu hulisahau. Saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, sisi tuko karibu na 36. Jua linafika katikati ya anga yapata saa 6 na dakika 40 mchana, si saa 6 kamili. Programu ya michoro ikiachwa kwenye saa ya jua badala ya saa ya ukutani, majibu yote yanapishana na ukweli kwa zaidi ya nusu saa. Kwa kazi ya kivuli cha ibada, nusu saa ni mahubiri mazima. Kagua hilo kabla hujampelekea mtu picha.

Hesabu yenyewe haihitaji hata kompyuta. Chukua katikati ya dirisha (mita 4.5), chukua kimo cha jengo lako, chukua umbali. Pembe utakayopata ndiyo jua linatakiwa kuipita.

Jaribio la kwanza: sakafu saba, mita 21.7, jengo likiwa mita 5 kutoka mpakani, yaani mita 12 kutoka dirishani. Pembe: nyuzi 55. Leo jua lingefika katikati ya dirisha saa 4 na dakika 25 asubuhi. Ibada ya kwanza ni saa 1, ya pili saa 4. Zote mbili gizani. Mchoro huo tumeuweka kabatini na haujatoka tena.

Jaribio la pili: ngazi. Sakafu tatu upande wa kanisa, zikianzia mita 16 kutoka dirishani, kisha sakafu sita nyuma, kwenye mita 28. Pembe inashuka hadi nyuzi 27 na nusu. Jua linafika yapata saa 2 na nusu. Niliona tumemaliza. Ibada ya pili, yenye watu wengi na kwaya kubwa, ingekuwa na mwanga kamili.

Wazee walikataa, na walikuwa na hoja. Ibada ya kwanza ndiyo ya wazee wenyewe, ya wauguzi wanaoingia zamu, na ya akina mama wanaowahi Soko la Majengo. Ni watu wachache, ila ndio wanaokaa mbele, na ndio ambao wamezoea mwanga ule. Mchungaji aliongeza jambo la kawaida zaidi: umeme ukikatika saa 1 asubuhi, dirisha lile ndilo taa yao.

16 Aprili 2024: Pengo

Kijana wetu wa michoro alikuja na wazo lililotufurahisha wote: likate jengo mara mbili, acha pengo la mita 8 lililonyooka na dirisha, jua lipite katikati. Kwenye kompyuta, kwa tarehe 21 Machi, lilikuwa la kuvutia mno. Miale inapenya, inagusa madhabahu, hata mama mwenye kiwanja alisema "eeh!"

Tulipobadili tarehe kuwa Juni, dirisha likawa jeusi. Jua halichomozi mahali pamoja. Mwezi Juni linachomozea nyuzi 23 hadi 24 kaskazini mwa mashariki, Desemba kiasi hicho hicho kusini. Pengo linafanya kazi wiki chache za Machi na Septemba; miezi mingine mwanga unagonga ukuta. Na pepo za Dodoma mnazijua: ukizipa uchochoro wa mita 8 kati ya kuta mbili ndefu, zinabeba vumbi zikilimwaga kwenye vioo hivyo hivyo unavyovionea huruma.

Mzee mmoja alitaka libaki kwa sababu ya Pasaka. Mwaka huu Pasaka ilikuwa 31 Machi, na ni kweli lingependeza. Lakini gharama ya pengo ni fleti nne kila mwaka, na Pasaka ni Jumapili moja. Limekufa.

Kilichobaki ni kuacha kufikiria jengo lote kama ukuta mmoja. Tumeligawa kimo kulingana na jua lenyewe. Sehemu ya katikati, inayotazamana na dirisha, ishuke hadi sakafu mbili, kimo mita 6.4. Sehemu ya kaskazini sakafu tatu. Sehemu ndefu ya sakafu sita isukumwe kusini mashariki, barabarani.

Kwa nini kusini? Kwa sababu jengo refu la kusini linaziba jua la Desemba, na la kaskazini lingeziba la Juni. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, asubuhi nyingi za kipindi hicho zina mawingu. Juni na Julai anga ni safi, na ni baridi, na kanisa la mawe asubuhi ya Julai ni friji. Kama ni lazima kunyang'anya jua mahali fulani, linyang'anywe pale ambapo wingu lingelichukua.

Matokeo kwa saa ya ukutani: Machi na Septemba jua linafika katikati ya dirisha yapata saa 1 na dakika 10. Desemba mambo si mazuri hivyo, ni saa 2 na robo, na Krismasi ililetwa mezani mara moja. Tulibishana sana. Kilichowaridhisha wazee ni kwamba ibada kubwa ya Krismasi ni ya saa 4.

Mama mwenye kiwanja, kwa upande wake, alipoteza fleti 10. Kutoka 28 hadi 18. Fidia tuliyopata ni kugeuza sakafu ya chini ya jengo refu kuwa fremu sita za maduka zinazotazama barabara. Mkadiriaji majenzi anasema kodi ya fremu sita katikati ya mji inaziba sehemu kubwa ya pengo hilo, si yote. Mama alikaa kimya kidogo akasema, "Na mimi nasali pale." Sijui kama angekubali vinginevyo.

Gharama ya kuchora upya miundo: milioni 5.

23 Juni 2024: Kuhakiki kwa macho

Michoro haiwatoshi watu wasiosoma michoro, tena ina haki ya kutowatosha. Tulitaka kuonyesha kimo halisi pale pale kiwanjani.

Puto: la gesi, tulilikodi kwa watu wa sherehe, likafungwa kamba ya mita 19. Upepo ulilivuta hadi juu ya paa la jirani wa upande wa pili na kimo chake kikawa chochote unachotaka. Shilingi 180,000 zimepotea. Usijaribu Dodoma, labda alfajiri sana.

Mabomba ya jukwaa: tulikodi ya kutosha kusimamisha minara minne myembamba kwenye kona za sehemu mbili za chini, tukafunga vitambaa vyekundu kwenye kimo cha ukingo wa paa na kamba katikati yake. Shilingi 450,000 pamoja na vijana wa kufunga. Kazi nzuri kuliko picha zote za kompyuta. Jumapili hii waumini wa ibada ya kwanza waliona wenyewe kamba inakata wapi.

Mambo mawili yalijitokeza ambayo hayakuwa kwenye mchoro wowote.

La kwanza ni mwarobaini. Uko ndani ya uwanja wa kanisa, na asubuhi ya Juni unaziba dirisha kabla hata ya jengo letu kuanza kuhusika. Katika ubishi wote ule hakuna aliyeuhesabu. Mtu alipendekeza ukatwe. Subirini sehemu ya udongo hapo chini.

La pili ni matangi. Fundi bomba alisimama chini ya kamba akauliza, "Simtanki zitakaa wapi?" Tangi la lita 5,000 na kitako chake linaongeza karibu mita 3 juu ya paa. Juu ya sehemu ya sakafu mbili, hesabu yote ya jua ingekufa siku ya kufunga maji, na hakuna ambaye angegundua hadi Machi. Matangi yote ya juu yamehamia kwenye jengo refu, kona ya kusini mashariki, na paa za chini zimeandikwa kwenye michoro kwamba haziruhusiwi kubebeshwa kitu: tangi, dishi, wala mitambo ya viyoyozi. Kama unanakili jambo moja kutoka shajara hii, nakili hilo.

11 Julai 2024: Udongo

Mashimo ya majaribio yalichimbwa kwa mkono, kwa makusudi, ili mashine isikaribie kanisa. Sehemu kubwa ya kiwanja ni udongo mwekundu wa kichanga, mita moja na nusu hadi mbili, kisha granaiti iliyooza, kisha granaiti yenyewe. Hilo tulilitegemea. Tusilolitegemea ni kona ya magharibi: kipande cha udongo mweusi wa mbuga kinachoanza kwetu na kuingia chini ya uwanja wa kanisa. Ukinyweshwa unavimba, ukikauka unapasuka.

Tulichimbua pia, kwa ruhusa, ubavuni mwa msingi wa kanisa. Ni mawe yaliyopangwa kwa chokaa, kina cha sentimita 60. Hakuna zege, hakuna nondo. Limesimama miongo yote hii kwa sababu udongo chini yake umezoea kiwango fulani cha unyevu na haubadiliki kwa haraka.

Kwa hiyo maegesho ya chini ya ardhi yamefutwa. Ingekuwa kuchimba mita 3 na zaidi jirani na msingi wa sentimita 60, kupasua granaiti, na kujenga ukuta wa kuzuia udongo ambao mkadiriaji aliuwekea peke yake zaidi ya milioni 400. Magari yatakaa chini ya sehemu ya jengo na kando ya barabara ya ndani. Yatakuwa machache kuliko fleti na mama ameambiwa.

Na mwarobaini haukatwi. Mizizi yake inanyonya maji kwenye udongo ule mweusi kila siku. Ukiuondoa, maji yanabaki, udongo unavimba taratibu kwa misimu kadhaa, na ukuta wa mawe usio na nondo unafuata. Mhandisi wa miundo alilieleza hilo mbele ya wazee kwa bilauri ya maji na bonge la udongo lililokauka. Lilivimba mbele yao. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu panga.

Mashimo na maabara: milioni 6.4.

5 Septemba 2024: Maji

Hii ndiyo sehemu iliyokuwa na lawama. Ukuta wa mashariki wa kanisa una doa la unyevu linalofika kiunoni, na chumvi nyeupe inayochubua mawe. Lilizidi kwenye mvua za El Niño za 2023/24. Waumini wengi wanaamini linatoka kwenye shimo la choo la nyumba ya mama. Lilikuwa jambo la chinichini kwa miaka, na lilianza kusemwa wazi tulipoleta michoro.

Tulianza kwa kulinyamazisha shimo: wapangaji walishaondoka, likanyonywa, likaachwa tupu kipindi chote cha kiangazi. Doa halikurudi nyuma. Basi si shimo, au si shimo peke yake.

Chanzo ni viwili. Kwanza, nyumba ya mama ilipojengwa, kiwanja kilijazwa kifusi kikainamia magharibi, kwa hiyo maji yote ya mvua yalikuwa yanateremka kwa kanisa na kutuama juu ya udongo mweusi. Pili, mtu mwenye nia njema aliwahi kupiga plasta ya saruji sehemu ya chini ya ukuta wa kanisa. Ukuta wa chokaa unapumua. Maji yanayopanda kutoka ardhini hutokea kwenye viungo na kukauka. Ukiufunga kwa saruji, yanapanda hadi pale saruji inapoishia na kutokea hapo, na chumvi yake. Doa lina mstari ulionyooka mno kuwa la maumbile. Linafuata ukingo wa plasta.

Mapendekezo ya kwanza yalikuwa mtaro mrefu wa kokoto mpakani, kina cha mita moja na nusu, wa kukausha kila kitu. Tuliuchora, tukapata na bei. Kisha mhandisi akaukataa, kwa sababu ile ile ya mwarobaini ila kinyume chake: ukiukausha udongo mweusi kwa ghafla unasinyaa, na kona ya kanisa inazama. Kwa hiyo mtaro sasa ni wa kina cha sentimita 40, unakamata maji ya juu tu na kuyapeleka mashariki, na kiwanja kinachongwa kiinamie barabarani. Udongo wa chini unaachwa na unyevu wake.

Plasta ya saruji itabanduliwa na kanisa, kwa mkono, na kuzibwa kwa chokaa. Si kazi yetu, ila tumewaachia fundi wetu wa chokaa aonyeshe mita mbili za kwanza. Kupata chokaa nzuri na mtu anayejua kuilaza kabla ya kuitumia kulikuwa kugumu kuliko kupata nondo.

Maji ya paa: tuna kama mita za mraba 560. Kwa mvua ya kawaida ya Dodoma, milimita 570 hivi kwa mwaka, ni mita za ujazo 300 na ushee, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mvua moja kubwa ya milimita 50 inamwaga lita 28,000 kwa mkupuo. Tumeweka tangi la chini la lita 60,000 upande wa barabara, mbali na kanisa, sehemu yake ikiwa akiba ya zimamoto. Kwa mji ambao maji yake mengi hutegemea visima vya Mzakwe, wapangaji watalishukuru.

30 Oktoba 2024: Sura ya ukuta

Mteja alitaka vigae vya mfano wa mawe ili jengo "lifanane na kanisa". Tulijenga vipande vitatu vya ukuta kiwanjani, mita mbili kwa mbili kila kimoja, tukaviacha juani. Milioni 1.1.

Vigae vya mfano wa mawe: kwa mbali vinapita, kwa karibu ni stendi ya mabasi. Kando ya granaiti ya kweli vinalitukana kanisa. Plasta nyeupe: saa 3 asubuhi inatupa mwako kwenye uwanja wa kanisa kiasi cha kukunja uso. Plasta iliyochanganywa mchanga mwekundu wa hapa hapa, isiyopakwa rangi: kimya, na vumbi la Agosti halikuonekana juu yake. Imeshinda hiyo, na ndiyo ya bei ndogo.

26 Novemba 2024: Kengele, kwaya na kamba za nguo

Hofu ya kanisa haikuwa jengo tu, ilikuwa watu watakaokaa ndani. Kengele inagongwa alfajiri. Kwaya inafanya mazoezi jioni, na wana ngoma na zeze za Kigogo, si kinanda peke yake. Mpangaji mpya kutoka Dar es Salaam, baada ya mwezi mmoja, ataandika barua ya malalamiko.

Vyumba vyote vya kulala vimegeuziwa barabarani au kwenye ua wa ndani. Upande wa kanisa kuna jiko, ngazi na korido. Mama anafikiria kuuza baadhi ya fleti siku za mbele, kwa hiyo mwanasheria ameandika kipengele cha kengele na kwaya kwenye kanuni za wamiliki, zile zinazotakiwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, na pia kwenye mikataba ya kodi. Anayeingia anasaini kwamba amelikuta kanisa.

Jambo lingine lilisemwa na akina mama wa kanisa, wanaume wote tukiwa tumelipita: arusi. Picha zote za bwana na bibi arusi hupigwa mlango wa kaskazini, na nyuma yake zingeonekana kanga na suruali za sakafu tatu. Sehemu za kuanikia sasa zina ukuta wa matofali ya matundu, upepo unapita na macho hayapiti. Jaribio la kwanza la tofali lilikuwa na tundu kubwa mno. Nguo nyekundu ilionekana hadi mlangoni kwa kanisa. Tundu likapunguzwa, tofali zikapangwa kwa kupishana.

20 Februari 2025: Ushahidi wa nyufa

Kabla mtu hajagusa ardhi tulipiga picha za kila ufa wa kanisa, tukaupa namba na kuuchora. Nakala moja kwetu, moja kwa mchungaji, moja kwa mwanasheria, zote zimesainiwa. Milioni 3.2, na ni fedha ambayo sitamwacha mteja aikate: ufa wa mwaka 1970 usipoandikwa leo, mwakani utakuwa wa kwetu.

Kwenye nyufa kubwa tulibandika vipande vyembamba vya kioo vinavyovuka ufa, vyenye tarehe. Ukuta ukisogea, kioo kinakatika. Vya kwanza vilianguka vyenyewe ndani ya wiki mbili, kwa sababu vilibandikwa juu ya rangi na jua la mchana liliibambua. Tulivirudisha vikiwa vimeshikwa na vitako vidogo vya chokaa juu ya jiwe lenyewe, baada ya kuondoa rangi kwa brashi laini. Vinakaa.

8 Mei 2025: Mtetemo na kibali

Kibali cha ujenzi kimetoka, kikiwa na sharti kwamba michoro ya kimo isibadilishwe bila kurudi kwenye kamati. Sharti hilo tuliliomba wenyewe. Mama akitaka kuongeza sakafu siku moja, au warithi wake, wataulizwa.

Kwa mtetemo tumechukua kiwango cha Ujerumani, DIN 4150-3, ambacho kwa majengo ya urithi kinaweka kikomo cha milimita 3 kwa sekunde kwenye msingi, kwa mitetemo ya chini ya hezi 10. Tulikodi kipimo, tukakiweka kwenye msingi wa kanisa, tukapitisha rola ndogo. Ikiwa imewashwa mtetemo, kikomo kilivukwa kabla haijafika hata nusu ya kiwanja. Ikizimwa mtetemo ikabaki uzito wake tu, kipimo hakikufika 1. Kwa hiyo ndani ya mita 20 kutoka kanisani: kushindilia kwa rola tuli, tabaka nyembamba za sentimita 15, maji ya kutosha. Ni polepole, na vibarua wanaongezeka. Granaiti inayojitokeza kwenye mashimo ya nguzo itapasuliwa kwa dirili ndogo na kabari, hakuna baruti. Kuichoma kwa moto na kuimwagia maji, kama wapasua mawe wetu wanavyofanya milimani, kungekuwa rahisi zaidi, ila moshi kwenye vioo vya rangi haukubaliki.

Haya yote yameandikwa kwenye nyaraka za zabuni. Wakandarasi wanne wamerudisha bei. Mwenye bei ya chini kabisa ameweka rola ya mtetemo ya tani 10 kwenye orodha ya mitambo yake, kwa hiyo bei yake si ya kazi hii. Tumemrudishia aandike upya kabla ya Ijumaa.